Pontiac GTO ya 1965: Uchambuzi wa Gari Lililotawala Taa za Woodward

Karibuni watazamaji. Leo mbele ya kamera tuna Pontiac GTO ya 1965, na tutaipima kwa kazi moja tu, ile iliyowafanya vijana wa Detroit waililie: kuondoka kwenye taa za barabarani. Tunazungumzia Woodward Avenue, barabara inayotoka katikati ya Detroit kuelekea kaskazini-magharibi hadi mji wa Pontiac, usiku wa mwisho wa wiki, miaka ya 1960.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mjue naelekea wapi. GTO kama ilivyotoka kiwandani ilikuwa gari zuri lenye kasi ya kawaida kwa rika lake. Iliyoogopwa Woodward ni ile iliyopita mikononi mwa fundi aliyejua kupanga cheche, mafuta, valvu na tairi. Ndiyo maana video hii itakaa zaidi kwenye marekebisho kuliko kwenye rangi na viti.

Kwanza barabara yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyoamua gari la namna gani lishinde. Woodward ni pana, njia nne kila upande katika sehemu kubwa ya vitongoji, na katikati ina ukanda wa majani unaotenganisha pande mbili. Kugeuza hufanyika kwenye vipenyo vilivyoachwa katika ukanda huo, kwa hiyo kijana alipanda kaskazini, akageuza, akashuka kusini, usiku kucha. Pembeni kulikuwa na migahawa ya kuegesha na kuletewa chakula garini, kama Ted's na Totem Pole, na huko ndiko makubaliano yalikofanyika. Mbio zilianza taa ikiwa nyekundu na mara nyingi ziliisha kabla ya taa iliyofuata. Hapo hakuna nafasi ya kasi ya juu kabisa. Mshindi ni anayeshika lami mapema na asiyekosea gia ya pili. Tena wapinzani hawakuwa vijana peke yao: wahandisi wa viwanda vya Detroit nao walipita pale na magari ya kampuni, wakipima walichokitengeneza mchana.

Sasa injini. Ni V8 ya inchi za ujazo 389, sawa na lita 6.4. Kulikuwa na chaguo mbili. Ya kwanza ina kabureta moja ya Carter AFB yenye midomo minne, nguvu ya farasi 335 kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, na msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa Nm 584 kwenye mizunguko 3,200. Ya pili ni Tri-Power: kabureta tatu za Rochester za midomo miwili miwili, zimepangwa mstari mmoja juu ya manifoldi, farasi 360 kwenye mizunguko 5,200, msokoto Nm 575 kwenye mizunguko 3,600. Zitazameni namba hizo vizuri. Ile ya kabureta moja ina msokoto mkubwa kidogo, na unakuja mapema. Kwa mbio fupi za taa hadi taa, tairi zikiwa nyembamba, tofauti ya farasi 25 haionekani mpaka uwe gia ya tatu. Watu wanalipa pesa nyingi sana kwa ajili ya Tri-Power, na naelewa kwa nini: kufungua boneti na kukuta zile kabureta tatu ni raha ya peke yake. Ila asikudanganye mtu kwamba bila hizo gari ni dhaifu.

Kuna namba moja inayozunguka hadi leo na inapotosha. Mwaka 1964 jarida la Car and Driver lilitangaza kwamba GTO inafika maili 60 kwa saa, yaani km 97, kwa sekunde 4.6, na kumaliza robo maili kwa sekunde 13.1. Jim Wangers, aliyekuwa mtu wa matangazo ya Pontiac na nafsi ya mradi huu, alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba gari lile lilikuwa na injini ya inchi 421. Kwa nje 421 na 389 haziwezi kutofautishwa kwa macho, ndiyo maana walifaulu. Ukitaka namba ya kuaminika, chukua ya jarida la Car Life ya 1965: Tri-Power, gia nne zenye uwiano wa karibu, difu yenye uwiano wa 4.11, watu wawili ndani. Sekunde 5.8 hadi km 97 kwa saa, na robo maili, ambayo ni mita 402, kwa sekunde 14.5, ikivuka mstari kwenye km 161 kwa saa. Hiyo ndiyo GTO halisi iliyochaguliwa vizuri, na kwa 1965 ni kazi ya heshima.

Tuje kwenye moyo wa uchambuzi. Royal Oak, kitongoji ambacho Woodward inapita, kulikuwa na duka la magari la Royal Pontiac, la Ace Wilson. Pale uliweza kununua GTO ikiwa imeshatengenezwa kwa kifurushi walichokiita Bobcat, au ukaagiza vifaa vyake kwa posta ukafunga mwenyewe. Hakikuwa na kamshafti mpya, yaani mhimili unaofungua valvu, wala pistoni mpya. Kilikuwa na gasketi, jeti, vispringi na nati. Nitakipitia kimoja kimoja, kwa sababu mantiki yake bado inafanya kazi kwenye injini yoyote ya zamani.

Cheche ndizo za kwanza, na ndizo zenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Kiwanda kiliweka taimingi ya kuanzia nyuzi 6 kabla ya pistoni kufika juu, na vizito vya ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, vilisogeza cheche mbele polepole ili injini ivumilie kila dereva na kila mafuta. Bobcat ilibadilisha vizito na vispringi ili cheche zisogee haraka. Kwa 389 yenye hedi za chuma, lenga jumla ya nyuzi 34 hadi 36, zote ziwe zimefika kabla ya mizunguko 2,800. Kwa mpangilio: injini iwe imepata joto. Chomoa mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye distribyuta, na uuzibe. Pima platini (ncha mbili ndogo zinazokata umeme ndani ya distribyuta) kwanza, mwanya wa milimita 0.4, au ukiwa na mita ya dweli, yaani pembe ambayo platini inabaki imefunga, nyuzi 30. Platini lazima itangulie, maana ukigusa mwanya wake taimingi nayo inahama. Baada ya hapo ndipo unalegeza distribyuta, unapandisha mizunguko hadi 3,000 na kusoma kwa taa ya taimingi. Wengi hupima kwenye sailensi tu, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, halafu wanaondoka. Hilo ni kosa, kwa sababu namba inayoua pistoni ni ile ya juu, siyo ya chini. Ukikanyaga mafuta mlimani kwa gia ya nne ukasikia mlio wa kokoto ndani ya kopo, rudisha nyuzi 2 nyuma siku hiyo hiyo.

Ya pili ni joto la manifoldi. Chini ya kabureta kuna njia inayopitisha moshi wa moto wa eksozi ili kupasha mchanganyiko wa hewa na petroli wakati wa baridi. Bobcat ilikuja na gasketi zinazoziba njia hiyo. Mchanganyiko ukibaki baridi unakuwa mzito, silinda inapata hewa zaidi. Gharama yake ni kwamba injini inachelewa kupata joto, na asubuhi za Michigan zenye theluji inakohoa robo saa nzima. Kwa gari la leo la matembezi ya kiangazi, ziba bila wasiwasi. Pia inasaidia kabureta zisichemke, tatizo kubwa kwa petroli ya sasa yenye ethanoli.

Ya tatu ni jeti za kabureta. Kiwanda kilibana mafuta kidogo. Ongeza saizi moja kwa wakati mmoja, kimbiza gari kwa nguvu, zima injini ikiwa bado inavuta, halafu chomoa plagi utazame. Nyeupe kabisa ni njaa ya mafuta, nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi. Petroli isiyo na risasi haiachi rangi ya kahawia iliyo wazi kama ile ya zamani, kwa hiyo tumia tochi na tazama chini kabisa, kwenye mzizi wa kaure.

Ya nne ndiyo iliyokuwa siri ya kweli, nayo ni nati za roka, mikono midogo inayosukuma valvu. GTO ina lifta za haidroliki, vikombe vinavyopokea msukumo wa kamshafti na kuupeleka kwa roka, na kiwandani nati hukazwa mpaka mwisho wa bega la stadi, Nm 27, hakuna kurekebisha. Kitumbukizi cha ndani ya lifta kinabaki katikati. Injini ikipita mizunguko 5,000 na kitu, lifta hujaa oili, kitumbukizi kinapanda, na valvu inashindwa kufunga. Injini inakata nguvu ghafla kama imezimwa. Bobcat ilitoa nati zenye skrubu ya kufungia katikati, ambazo unaweza kuzisimamisha popote. Injini ikinguruma taratibu, unalegeza nati mpaka roka ianze kugonga, unakaza kidogo kidogo mpaka mlio ukome, kisha unafunga skrubu. Sasa kitumbukizi kiko karibu na juu kabisa, hakina pa kupanda, na injini inaendelea kuvuta mizunguko mia kadhaa zaidi. Angalizo: kinachokizuia kitumbukizi kisitoke ni kipete chembamba cha waya. Kwenye lifta za bei rahisi kipete hicho huchomoka, na vipande huishia kwenye kamshafti. Nunua lifta zenye kipete imara au usiguse kabisa.

Ya tano, gasketi nyembamba za hedi za kuongeza mgandamizo. Hapa nasema wazi: leo usifanye. GTO ilitangazwa na mgandamizo wa 10.75 kwa 1, ikinyweshwa petroli ya daraja la juu yenye risasi. Petroli ya vituo vya sasa haiwezi kuubeba mgandamizo huo kwenye hedi za chuma, sembuse kuuongeza. Ukijenga injini upya, chagua pistoni zenye bakuli ushuke hadi 9.0 au 9.5, na weka viti vya valvu vya eksozi vya chuma kigumu, kwani risasi ndiyo iliyokuwa ikivilinda. Nguvu utakayopoteza ni ndogo kuliko bei ya pistoni moja iliyotoboka.

Gia na difu. Sanduku la gia nne la Muncie lilikuja kwa aina mbili, na watu hulichanganya sana. Lenye gia pana lina gia ya kwanza ya 2.56. Lenye gia za karibu lina 2.20. Vijana walitaka la karibu kwa sababu jina lilisikika la kimbio. Zidisheni wenyewe: 2.56 mara difu ya 3.55 ni 9.09. Na 2.20 mara 3.90 ni 8.58. Maana yake gari lenye gia pana na difu ya kawaida linavuta zaidi kwenye taa kuliko lenye gia za karibu na difu ya mbio, na bado barabara kuu linatulia. Kwa 3.90, kwenye km 100 kwa saa injini inazunguka kama 3,000 muda wote, kelele tupu. Kwa 3.23 ni kama 2,500. Chaguo langu ni gia pana na 3.55, pamoja na difu ya Safe-T-Track inayolazimisha tairi zote mbili zisukume. Bila Safe-T-Track tairi moja itachoma mpira na nyingine itasimama, na hakuna farasi wa kukusaidia. Otomatiki yake ina gia mbili tu. Kwa kazi hii, iache.

Tairi. Rimu za inchi 14, tairi zenye mstari mwekundu, nyembamba kiasi kwamba injini hii inazishinda hata gia ya pili. Siku zile waliojua walifunga tairi laini za mpira wa butili, Atlas Bucron, au zile laini za mbio zilizochongwa mifereji michache ili zipite kama za barabarani. Leo kuna radiali za mbio zinazoruhusiwa barabarani. Lakini ukiongeza mshiko, tatizo linahamia nyuma: mikono ya chini ya ekseli imetengenezwa kwa bati lililo wazi upande mmoja, inajipinda, na ekseli inaanza kurukaruka. Mruko huo ndio unaovunja yunivasali na meno ya difu, wala si nguvu ya injini. Chomelea bati kufunga ule upande wazi, badilisha bushi, na weka mfuko wa hewa ndani ya springi ya nyuma kulia, kwa sababu mzunguko wa injini huinyanyua tairi hiyo unapoondoka. Ongeza hewa kidogo kidogo mpaka alama mbili za mpira ziwe na urefu sawa. Kuondoka kwenyewe, kwa tairi nyembamba, mizunguko 1,200 hadi 1,500 inatosha. Klachi iachiwe mapema, mafuta yafuate. Anayepandisha 4,000 anatoa moshi mzuri na anabaki nyuma.

Kabla hujajaribu, kagua maunti za injini, yaani vishikizo vinavyoifunga kwenye fremu, hasa ya kushoto. Ikikatika, injini inanyanyuka unapokanyaga, inavuta fito za mafuta, na kabureta inaweza kubaki wazi. Shika breki, weka gia ya kwanza, achia klachi kidogo, mwenzako atazame toka pembeni. Injini ikipanda zaidi ya vidole viwili, maunti imekufa.

Breki ndizo udhaifu mkubwa wa gari hili, na wapimaji wa wakati ule walilalamika vilevile. Ni dramu za inchi 9.5 kwenye magurudumu yote manne, kwa gari la kama kilo 1,600. Ukisimama kwa nguvu mara moja kutoka km 130 kwa saa zinashika, mara ya pili zinafifia. Baya zaidi, silinda kuu ina chumba kimoja. Mrija mmoja ukipasuka popote, pedali inashuka sakafuni na huna breki hata gurudumu moja. Pontiac ilileta silinda ya vyumba viwili mwaka 1967, na inafungika kwenye gari hili kwa kazi ndogo ya mirija. Hiyo iwe kazi ya kwanza, kabla ya kabureta na kabla ya rangi. Diski za mbele zifuate. Na baada ya hapo lipelekeni kwenye uwanja wa mbio wenye taa na saa. Woodward ya leo ina magari mengi, na gari hili lina mkanda wa kiunoni tu.

Yanayoharibika sasa. Gia ya kamshafti ni alumini yenye meno ya nailoni ili isipige kelele. Nailoni ikizeeka inapasuka, vipande vinashuka kwenye chujio la pampu ya oili, na injini inakufa kwa ukame. Kupima: funua distribyuta, zungusha krankishafti kwa mkono upande mmoja, kisha rudisha polepole ukitazama rota. Ikienda zaidi ya nyuzi 6 kabla rota haijatikisika, cheni imechoka. Badilisha kwa gia za chuma, na shusha sampu, bakuli la oili chini ya injini, uokote vipande. Usibadilishe gia ukaacha sampu.

Joto kupanda ni lalamiko lingine, na wengi hukimbilia kununua rejeta kubwa. Tazama pampu ya maji kwanza. Nyuma ya panga lake kuna bati la kugawa maji. Pampu nyingi za siku hizi zina panga fupi, bati linabaki mbali, na maji yanazunguka palepale. Gonga bati taratibu mpaka mwanya ubaki milimita 1 hadi 1.5, hakikisha panga haligusi, kisha funga. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Tri-Power ina yake. Kabureta za mbele na nyuma hazifanyi kazi mpaka ukanyage sana. Mwenye gari akiliendesha kipole miezi sita, petroli inakauka ndani, sindano zinanata, na siku ukikanyaga injini inasita au inafurika petroli. Spindo za vipepeo, vibati vinavyofungua njia ya hewa ndani ya kabureta, nazo huchakaa na kuvuta hewa. Nyunyizia kisafishio cha kabureta kwenye ncha zake injini ikiwa sailensi. Mizunguko ikibadilika, kuna uvujaji, na hakuna jeti itakayouponya. Oili chagua yenye zinki ya kutosha, kwa kuwa lifta za kukwangua kamshafti hutegemea kinga hiyo. Kamshafti mpya iendeshwe dakika 20 kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 mara tu injini inapowaka, bila kuiacha sailensi.

Kwa mlioko Kenya, mnajua gari la zamani hivi lenye usukani kushoto haliruhusiwi kuingizwa kwa njia ya kawaida. Wanunuzi wengi wanaonifuatilia wako Marekani na Kanada, basi hili la mwisho ni lenu. Namba ya chesisi ya GTO ya 1965 huanza na 237, sawasawa na LeMans ya kawaida, gari la Pontiac ambalo GTO ilijengwa juu yake, kwa sababu GTO ilikuwa kifurushi cha nyongeza cha takriban dola 296. Ilipewa namba yake, 242, mwaka 1966. Kwa hiyo chesisi peke yake haithibitishi kitu, na LeMans zilizovalishwa beji ni nyingi. Piga magoti mbele ya injini, upande wa abiria, chini ya hedi. Kwenye bloku kuna herufi mbili: WT ni kabureta moja na gia za mkono, WS ni Tri-Power na gia za mkono, YS na YR ni za otomatiki. Hedi ziwe na namba 77. Halafu agiza nakala ya ankara ya kiwandani kutoka Pontiac Historic Services kwa namba ya chesisi, usome mstari wa injini na wa difu. Kagua kutu kwenye fremu juu ya ekseli ya nyuma, sakafu ya buti, na chini ya kioo cha nyuma. Muuzaji akisema ankara haina haja, mlipe bei ya LeMans.